Usiku saba wodini: tathmini ya huduma anayoipata mgonjwa taa zikishazimwa

Mtu akitoka hospitali huulizwa habari za daktari, za dawa, za usafi na za chakula, lakini ni nadra sana kuulizwa alilala vipi. Mimi nililazwa usiku saba katika wodi ya kawaida ya hospitali ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ya maambukizi ya ngozi ya mguu yaliyohitaji viuavijasumu vya kupitia mshipani kila baada ya saa sita. Kuhusu tiba sina malalamiko. Ugonjwa ulitambuliwa siku ileile niliyofika, homa iliondoka siku ya pili, na wekundu uliokuwa ukipanda kuelekea goti ulirudi nyuma ya mstari ambao daktari aliuchora kwa kalamu mguuni. Kwa upande huo nawapa tisa kwa kumi. Ninachokitathmini hapa ni kitu kingine kabisa, yaani muda wa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kwa muda huo nawapa nne. Tatu kati ya hizo nne zilipatikana usiku wa sita na wa saba, kwa sababu nitakazozieleza.

Chumba kilikuwa cha vitanda sita, na changu kilikuwa karibu na mlango, kikitazamana na meza ya wauguzi. Wakati wa kupokelewa nilifurahia nafasi hiyo, nikidhani kwamba aliye karibu na wauguzi huhudumiwa haraka. Hilo ni kweli, ila pia husikia kila kinachosemwa, kila simu inayoita na kila droo inayofungwa. Kuanzia usiku wa pili nilikuwa na daftari dogo chini ya mto, nikiandika saa kila nilipoamka na kilichoniamsha, kwa kuwa nilihofia kwamba asubuhi ningekuza mambo, kama ilivyo desturi ya mtu asiyelala.

Nitaunakili usiku wa tatu kama ulivyo kwenye daftari, kwa sababu ulifanana na usiku mwingi uliotangulia na uliofuata. Taa kubwa zilizimwa saa nne na robo. Saa tano na dakika ishirini, nikiwa ndiyo kwanza nimeshikwa na usingizi, pampu ya dripu ya jirani ililia kwa muda mrefu. Saa sita kamili niliamshwa kwa ajili ya dawa. Taa ya darini iliwashwa, nikaombwa kutaja jina langu na tarehe ya kuzaliwa, nikaunganishwa na dripu. Saa saba kasorobo dawa ilikwisha, na pampu yangu nayo ikalia kutangaza kuwa imemaliza kazi. Saa nane nilipimwa presha, joto na mapigo ya moyo. Saa tisa na nusu mzee wa kitanda cha pili alianza kumwita mkewe. Saa kumi na dakika kumi alikuja mtu wa maabara kuchukua damu. Saa kumi na moja ikaanza deki, pamoja na ndoo yenye mpini wa chuma ulioangushwa ubavuni mwake mara kadhaa. Saa kumi na mbili, dawa tena.

Kipande kirefu kuliko vyote cha usingizi wangu usiku ule kilikuwa cha saa moja na dakika chache, baada ya presha na kabla ya mzee kuanza kuita. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima, kutoka usingizi mwepesi hadi ule mzito na hatimaye ule wa ndoto, huchukua takriban dakika 90, na usiku mzuri huwa na mizunguko minne au mitano ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, sikukamilisha hata mmoja. Sehemu za usiku nazo si sawa kwa thamani: usingizi mzito hupatikana zaidi katika theluthi ya kwanza, na ule wa ndoto katika theluthi ya mwisho. Anayeamshwa saa sita na anayeamshwa saa kumi wananyang'anywa vitu viwili tofauti, na mimi nilinyang'anywa vyote viwili.

Uzoefu huu si wangu peke yangu. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi mwezi Februari 2017 katika hospitali 39, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba kwa wastani mgonjwa aliyelazwa alilala dakika 83 pungufu ya alivyozoea nyumbani, na aliamka dakika 44 mapema zaidi. Takriban saba kati ya kila kumi walisema waliamshwa na jambo la nje, si na miili yao wenyewe, na zaidi ya theluthi walitaja wafanyakazi wa hospitali. Nilipozisoma takwimu hizo baada ya kupona, kilichonishangaza zaidi kilikuwa kwamba dakika 83 ni wastani tu. Wapo waliopoteza zaidi ya hizo, na naamini ningekuwa miongoni mwao.

Tuanze na ratiba, maana ndiyo iliyoniudhi kuliko kelele. Dawa ya saa sita na ile ya saa kumi na mbili zilikuwa na sababu ya wazi: dawa ya aina ile haidumu kwa muda mrefu katika damu, na ukiruka zamu unawapa vijidudu nafasi. Sikulalamika hata mara moja kuamshwa kwa ajili yake. Lakini kipimo cha presha cha saa nane kilikuwa cha nini, ikiwa muuguzi alikuwa pembeni ya kitanda changu saa sita na angerudi saa kumi na mbili? Na damu ya saa kumi alfajiri, iliyochukuliwa ili majibu yawe tayari madaktari watakapopita saa tatu asubuhi, isingeweza kuchukuliwa saa kumi na mbili, nikiwa tayari nimeamshwa? Ziara nne zingeweza kuwa mbili bila kuondoa kipimo chochote wala kuchelewesha uamuzi wowote.

Usiku wa nne nilithubutu kuuliza. Muuguzi alikuwa ameshafunga kitambaa cha presha mkononi mwangu na mashine ilikuwa inajaza hewa.

“Sista, samahani, kipimo hiki hakiwezi kuunganishwa na dawa ya saa sita?”

“Kaka, hata mimi ningependa ulale,” alijibu kwa sauti ya chini, “lakini karatasi inadai saa nane. Kesho ikionekana nafasi hii iko wazi, ni mimi nitakayeulizwa.”

Jibu hilo lilinifungua macho zaidi ya maelezo yoyote niliyowahi kusoma. Aliyeniamsha hakuwa mtu mwenye roho mbaya wala mzembe. Aliyeniamsha ilikuwa ni fomu. Vipimo vya kila baada ya saa nne vilikuwa vimeandikwa siku niliyoingia na homa kali, vikiwa vya lazima kabisa siku hiyo, kisha hakuna aliyerudi kuvibadilisha homa ilipokwisha. Nchini Uingereza hospitali nyingi hutumia mfumo wa alama uitwao NEWS, uliotolewa na Royal College of Physicians ya London mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017, ambao hupanga idadi ya vipimo kulingana na hali ya mgonjwa. Mwenye alama sifuri, yaani ambaye kupumua kwake, presha yake, mapigo yake, joto lake na fahamu zake ziko sawa, anatakiwa kupimwa angalau kila baada ya saa 12. Mwenye alama moja hadi nne, kila baada ya saa nne hadi sita. Anayefikisha tano au zaidi, angalau kila saa. Mantiki yake ni nyepesi kueleweka: anayezidiwa aangaliwe zaidi, anayepata nafuu aachwe alale. Kwa vipimo vyangu vya kuanzia siku ya tatu, mfumo kama huo usingemhitaji mtu yeyote aniguse saa nane usiku.

Lazima nikiri kwamba upande wa pili una hoja. Kuna wagonjwa ambao hali hubadilika usiku bila dalili ya nje, na mtu aliyelala kwa utulivu anaweza kufanana sana na mtu anayezama. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa siku hiyohiyo, au anayetumia dawa za maumivu zinazoweza kupunguza kasi ya kupumua, anapaswa kuamshwa, na asikasirike. Lawama yangu haigusi vipimo vya namna hiyo. Inagusa vile vinavyofanywa kwa sababu vilifanywa jana.

Kuhusu kelele, nilikuwa na programu ya simu inayopima sauti. Simu si kifaa cha maabara na sitadai usahihi wa namba zake, lakini kwa kulinganisha saa na saa ilitosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kwamba ndani ya vyumba vya wagonjwa wastani wa sauti usizidi desibeli 30, na usiku kilele chake kisizidi 40. Simu yangu haikuwahi kuonyesha 30 kwa dakika nzima, hata saa tisa usiku. Wastani ulizunguka 50, na kila mlango wa chuma wa stoo ulipojifunga uliruka hadi 70 na ushei. Kwa asiyezoea vipimo hivi, kila nyongeza ya desibeli 10 huhisiwa na sikio kama sauti iliyokuzwa maradufu, hivyo tofauti kati ya 30 na 50 haifanani kabisa na tofauti kati ya shilingi thelathini na hamsini.

Hata hivyo ukubwa wa sauti haukuwa jambo kuu. Mvua kubwa ilinyesha usiku wa pili, ikapiga paa kwa kishindo kuliko sauti yoyote ya wodini, nami nikalala fofofo kwa muda wote ilipodumu. Kilichoniamsha kilikuwa sauti ndogo yenye maana. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 12 wenye afya njema walilazwa maabarani na kupigiwa, katika hatua mbalimbali za usingizi, sauti 14 zilizorekodiwa hospitalini. Sauti za vifaa vya umeme, kama mlio wa simu na kengele ya pampu ya dripu, ndizo zilizowaamsha kwa urahisi zaidi, na maongezi ya watu nayo hayakuwa mbali. Mapigo ya moyo yalipanda kila usingizi ulipokatizwa, hata pale ulipokatizwa kwa muda mfupi sana. Hakuna cha kushangaza hapo: kengele ya pampu imetengenezwa makusudi ili isipuuzwe. Tatizo ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya sikio la muuguzi, lakini aliye nusu mita kutoka kwake ni mgonjwa.

Kuhusu pampu hiyo nina jambo mahususi la kusema, kwa kuwa lingeweza kuniokolea siku tatu za mateso kama ningelijua mapema. Kanula yangu ya kwanza, yaani mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, iliwekwa kwenye mkunjo wa kiwiko, mahali ambapo mshipa huonekana vizuri na sindano huingia kwa wepesi. Kila nilipokunja mkono usingizini, njia ya dawa ilibanwa, pampu ikahisi kizuizi na kuanza kulia, na mimi nikaamka pamoja na wenzangu watano. Siku ya nne mshipa ule ulipovimba, kanula ikahamishiwa katikati ya mkono, chini ya kiwiko. Tangu hapo pampu haikulia tena kwa kubanwa, ililia tu dawa ilipokwisha. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa wala mtu wa ziada aliyeajiriwa. Sentimita chache za ngozi zilitosha.

Maongezi kwenye meza ya wauguzi yalikuwa ya kawaida kabisa, ya watu wanaojitahidi kukaa macho. Yalikuwa mabaya zaidi yaliposhushwa hadi mnong'ono. Florence Nightingale, aliyeandika kuhusu uuguzi mwaka 1859, alikuwa ameshaliona hilo: kwake, kelele isiyo ya lazima ilikuwa ukatili kwa mgonjwa, na aliyalaani hasa mazungumzo ya kunong'ona karibu na kitanda, kwa sababu mgonjwa hujikaza kuyasikiliza akidhani yanamhusu. Alibainisha pia kwamba mgonjwa anayeamshwa katika usingizi wake wa kwanza ni vigumu alale tena, ilhali aliyekwisha kulala saa kadhaa huweza kuurudia usingizi. Usiku wa pili nilisikia mtu akinong'ona “kitanda cha kwanza” na neno “figo”. Nilikaa macho hadi saa nane nikiziwazia figo zangu. Asubuhi nikagundua kwamba kitanda cha kwanza, kwa hesabu yao, kilikuwa upande wa dirishani.

Majirani ni suala ambalo mtathmini anapaswa kulizungumzia kwa adabu, kwa kuwa yeye mwenyewe ni jirani wa mtu. Nimeambiwa kwamba nakoroma. Katika uchunguzi ule wa Uholanzi, sauti za wagonjwa wengine zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotajwa zaidi kuwa vinaharibu usingizi, pamoja na mashine, maumivu na safari za chooni. Chumbani mwetu kulikuwa na mmoja aliyekohoa, mmoja aliyekoroma kwa mpangilio wa ajabu kama mtu anayepasua mbao, na mzee niliyemtaja, ambaye kila ilipofika saa tisa alisahau yuko wapi. Mchana alikuwa mcheshi na mwenye kumbukumbu nzuri kunishinda. Kuchanganyikiwa kwa wazee wanapolazwa ni jambo linalojulikana vyema kitabibu, na kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa nako, sambamba na maambukizi, baadhi ya dawa na kupungukiwa maji mwilini. Kwa hiyo yule aliyetuamsha sisi saa tisa alikuwa pengine amevurugwa na yaleyale yaliyotuamsha saa sita na saa nane. Mara mbili muuguzi alikaa kando yake, akamwambia polepole yuko wapi na ni saa ngapi, akamvalisha miwani yake, naye akatulia kwa dakika chache. Nilivutiwa sana na kazi ile.

Mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa na moyo unaojaza maji, na alipewa dawa ya kukojoa saa mbili usiku. Dawa hizo hufanya kazi kwa saa kadhaa, na alikwenda chooni mara tano kabla ya saa saba, kila mara akipita mbele ya kitanda changu na kuufungua mlango unaolia. Siku ya tatu daktari alihamishia dozi yake ya pili alasiri, na mlango ukanyamaza. Ni vivyo hivyo kwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikimezwa jioni humkesesha mtu. Saa ya dawa mara nyingi ni mazoea, na mwenye kutaabika ana haki ya kuuliza kama inaweza kusogezwa.

Mwanga nitaupitia haraka. Taa za darini zilikuwa na swichi moja kwa chumba kizima, hivyo sindano ya mmoja ilikuwa alfajiri ya wote sita. Mwanga mkali usiku huzuia mwili kutoa melatonini, homoni inayoutangazia kwamba ni usiku, na kuna taa ndogo za kando ya kitanda ambazo zingetosha, nazo zilikuwepo, ila tatu kati ya sita ziliungua. Kinachosahaulika zaidi ni mchana: mapazia yetu yalibaki yamefungwa hadi saa nne asubuhi, na mtu anayeshinda katika giza nusu na kukesha katika mwanga nusu hatimaye saa ya mwili wake hupotea njia. Godoro lilikuwa limevikwa plastiki nene kwa sababu za usafi ambazo nazielewa. Nilitokwa jasho. Basi.

Nilijaribu tiba mbili za mkononi, na hizi naweza kuzitathmini kama bidhaa. Ya kwanza ni vizibo vya masikio vya sponji. Usiku wa kwanza wa kuvitumia nilivisukuma tu sikioni, vikachomoka, nikavidharau. Baadaye nikajifunza kwamba kizibo husokotwa kwanza kwa vidole hadi kiwe chembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisha kizibo huingizwa na kushikiliwa hadi kitakapofura. Kikiwekwa hivyo hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa, hasa milio myembamba ya mashine. Mkoromo, ambao ni sauti nzito, hupita hata hivyo, ijapokuwa umefifia. Ya pili ni kitambaa cha kufunika macho, ambacho kilinisaidia zaidi ya nilivyotarajia, kwani swichi ile ya darini haikuwa na nguvu tena juu yangu. Vitu hivi viwili vimechunguzwa kwa wagonjwa wa vyumba vya uangalizi maalumu, ambako hali ya usingizi ni mbaya kuliko wodini, na dalili zilizopatikana ni za kutia moyo ingawa ushahidi wenyewe si imara sana. Navipa saba kwa kumi. Nilimwarifu muuguzi kwamba nimevivaa, ili asidhani nimepoteza fahamu akiniita nisiitike.

Kidonge cha usingizi nilipewa nafasi ya kukikubali usiku wa nne, nikakataa. Sidai ushujaa. Niliona tu kwamba kidonge kisingenisaidia chochote ikiwa saa nane ningeamshwa vilevile, na ningeamka nikiwa mlevi wa dawa na mguu mmoja usioaminika, nikitafuta choo gizani. Kwa wazee hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa vidonge vya jamii ya diazepamu huongeza uwezekano wa kuanguka na wa kuchanganyikiwa, na madaktari wa wazee wamekuwa wakionya kuhusu hilo kwa miaka mingi. Maumivu ni jambo jingine. Ukiwa na maumivu usilale nayo kwa kuona haya. Mimi niliyavumilia usiku wa kwanza mpaka saa nane, na ilikuwa ni upumbavu, kwani kukosa usingizi kwenyewe huufanya mwili uhisi maumivu zaidi, na asubuhi nilihitaji dawa nyingi kuliko ambazo zingenitosha jioni.

Kuna atakayesema kwamba hospitali si nyumba ya wageni na kwamba mgonjwa alale akirudi kwake. Nimesikia kauli hiyo hata kwa ndugu zangu. Lakini usingizi uliokatwakatwa hupandisha presha, huvuruga jinsi mwili unavyotumia sukari na hudhoofisha kinga, na hayo yote ni mambo ambayo mgonjwa alilazwa ili yarekebishwe. Harlan Krumholz, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika mwaka 2013 kuhusu udhaifu unaompata mtu katika wiki zinazofuata kutoka kwake hospitalini, hata akawa katika hatari ya kurudishwa kwa ugonjwa mwingine kabisa, na kukosa usingizi ni miongoni mwa sababu alizozitaja. Mimi mwenyewe nilikaa nyumbani siku kumi nikisinzia katikati ya sentensi, mguu ukiwa umepona.

Sasa nirudi kwenye zile alama tatu. Usiku wa sita aliingia zamu muuguzi ambaye sikuwa nimemwona kabla. Saa tatu na nusu alipita kila kitanda akauliza maswali ya kawaida: nani ana maumivu, nani anataka kwenda chooni kabla ya taa kuzimwa, dripu ya nani inakaribia kwisha. Alifunga mlango wa stoo kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa kwenye fremu. Alipokuja saa sita alikuwa na tochi ndogo aliyoielekeza chini, akaniwekea dawa, na hapohapo akanipima presha na joto, akaandika saa halisi kwenye karatasi. Alikuwa amemwomba daktari wa zamu jioni abadilishe maagizo yangu kuwa kila baada ya saa sita, na ombi hilo, kwa maelezo yake, lilichukua dakika mbili. Pampu ilipobakiza dawa kidogo alikuja kuizima kabla haijalia. Damu yangu ilichukuliwa saa kumi na mbili. Daftari la usiku ule lina mistari mitatu tu, na kipande kirefu cha usingizi kinazidi saa nne. Idadi ya wauguzi ilikuwa ileile, wawili kwa wodi nzima, vitanda vilevile, na yule bwana aliendelea kupasua mbao zake.

Ndiyo maana nashindwa kukubali maelezo niliyopewa na msimamizi nilipoyataja haya mchana, kwamba usiku wa kimya ni anasa ya hospitali zenye vyumba vya mtu mmojammoja. Chumba cha peke yako husaidia, bila shaka, na dari inayonyonya sauti husaidia pia. Lakini katika daftari langu la usiku sita, matukio yaliyosababishwa na ujenzi wa jengo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ukiondoa ule mlango wa stoo. Mengine yote yalikuwa na saa yake na karatasi yake.

Siku ya kuondoka nilipewa fomu ya maoni yenye maswali kumi na mawili. Yaliuliza kuhusu mapokezi, lugha ya wafanyakazi, usafi wa vyoo na muda wa kusubiri dawa. Halikuwepo lolote kuhusu usiku. Nchini Marekani wagonjwa waliotoka hospitali wamekuwa wakiulizwa, katika dodoso la kitaifa ambalo matokeo yake huwekwa hadharani tangu mwaka 2008, ni mara ngapi eneo la chumba chao lilikuwa kimya usiku, na kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa miongoni mwa yale yanayopata majibu mabaya zaidi. Angalau huko linaulizwa. Mimi niliandika yangu nyuma ya fomu, kwa mwandiko mdogo, nikamtaja muuguzi wa usiku wa sita kwa zamu yake.

Nikilazimika kulazwa tena nitakwenda hospitali ileile, kwa sababu ya tiba yake. Ila nitaomba kitanda cha upande wa dirishani, nitaomba kanula isiwekwe kwenye mkunjo wa kiwiko kama mshipa mwingine upo, na jioni ya kwanza baada ya homa kuondoka nitamuuliza daktari, kabla hajaondoka, ni kipimo gani kati ya vile vya usiku ambacho bado anakihitaji.